Mwaka Niliokuwa Sikio la Fundi Ramadhani

Tulipomzika Issa Mughenyi mwaka huu, baada ya kuvuna alizeti, wanaume walikaa upande wa mawe na sisi wanawake tukakaa upande wa jiko tukichambua mchele. Masikio yangu hayajazeeka kama magoti, kwa hiyo ya upande wa pili niliyasikia bila kuyatafuta. Vijana wa gereji walikuwa wanabishana. Mmoja anaitwa Hamza, Issa ndiye aliyemfundisha kazi. Hamza anasema hapa Singida hajatokea mtu wa kusikiliza nozeli mbovu kwa sikio tupu kama Fundi Ramadhani Ntandu, kwamba gari likiwa bado Ikungi yeye amekaa Utemini anajua lina ugonjwa gani. Mwenzake anamwambia acha uongo, Issa mwenyewe alinisimulia kuwa Fundi Ramadhani alikuwa kiziwi. "Kiziwi gani anasikia nozeli?" "Muulize aliyekufa!" Wakanyamazishwa na shehe. Hamza akanyanyuka, akaja mpaka jikoni, akachuchumaa mbele yangu.

"Shikamoo, Bibi Felista."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, samahani. Wanasema wewe ulikuwepo. Fundi Ramadhani alikuwa anasikia, au alikuwa kiziwi?"

"Alikuwa kiziwi, na nozeli zilikuwa zinasikika."

"Sasa zilikuwa zinasikiwa na nani?"

Mama Neema, jirani yangu, akanipiga kiwiko cha ubavu, maana yeye anajua. Nikamwambia Hamza msibani si mahali pa kujisifu, aende akale. Lakini hapa ninapoandika si msibani. Hapa najisifu, na atakayechoka afunge kitabu.

Mwaka wenyewe ni ule wa foleni za mafuta, mtu akipata dizeli anaifunika kama maziwa. Nilikuwa msichana, nimetoka Ilongero, na jinsi nilivyofika mjini hakuna haja ya kuieleza. Nilifika, nikapata kazi kwa Mama Zuhura, mke wa Fundi Ramadhani, ya kuwapikia mafundi. Gereji ilikuwa uani kwao Utemini. Jiko langu lilikuwa chumba cha udongo kilichoegemea banda la magari, ukuta mmoja tunautumia wote. Upande wangu kulikuwa na mafiga, chungu cha mlenda na ungo uliotundikwa kwenye msumari. Upande wao kulikuwa na meza ya mninga iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, na juu yake sahani ya bati ambamo nozeli zililala zimefunikwa khanga kuukuu ya Mama Zuhura. Fundi hakutaka vumbi lizione, na upepo wetu wa Juni kila mtu anaujua. Ukiingia na mlango ukaubamiza alikuwa anageuka kwanza kutazama khanga, halafu ndipo anakutazama wewe. Watoto wachanga wa Utemini hawakufunikwa vizuri namna ile.

Kwa asiyejua, nozeli ni kidude cha chuma kama kidole. Katika gari la dizeli la zamani kila silinda ina ya kwake, na kazi yake ni kupuliza dizeli mle ndani, iingie kama ukungu. Ikiziba au ikichoka haipulizi tena, inadondosha. Basi silinda ile inakula na haifanyi kazi, gari linatetemeka, linatoa moshi, na ukifika mlimani linakuomba ushuke. Mafundi wanasema gari linamisi. Kumtafuta mgonjwa ni hivi: unawasha injini na kuiacha ingurume polepole, halafu unachukua spana unalegeza nati ya bomba linalopeleka mafuta kwenye nozeli ya kwanza. Dizeli inavuja nje. Kama nozeli hiyo ni nzima, injini inayumba na sauti inapungua, maana umemnyang'anya chakula mtu aliyekuwa kazini. Unakaza, unakwenda ya pili. Ukifika kwenye mbovu, unalegeza na injini haina habari, inaendelea vilevile. Huyo ndiye. Hakuna mashine hapo. Ni spana na sikio. Siku hizi naambiwa gari linachomekwa waya na kusema lenyewe linaumwa wapi. Ni vizuri, gari kusema. Ya wakati ule yalikuwa hayasemi, yalikuwa yanaugulia tu.

Mchana tulikula pamoja. Nilikuwa nasonga ugali wa uwele, mlenda wa karanga, siku nyingine mgagani na maziwa ya mgando, na Mama Zuhura akifurahi tunachinja jogoo. Issa alikuwa kijana, mwembamba, mdomo haufungi. "Feli," ananiambia, "mlenda wako unateleza kuliko oili ya gia." Namjibu, "Basi kesho nikutilie ya gia, uone ipi inashuka vizuri." Wote wanacheka, Fundi naye anacheka. Ila mimi ndiye niliyekuwa nagawa chakula, na anayegawa chakula anatazama nyuso. Niliona Fundi anacheka baada yetu. Anangoja kuona meno yetu, ndipo anaonyesha ya kwake. Nikimwita kwa nyuma, "Fundi, maji ya kunawa," hageuki. Nikipita mbele nikasema maneno yaleyale, anasema, "Haya, mwanangu, lete." Mfuniko wa birika ukicheza motoni mpaka mbwa anakereka, yeye ametulia anasugua nozeli yake. Nikasema moyoni, huyu mzee ana mawazo mengi. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Mpaka alasiri moja Issa alipokwenda sokoni, mimi nachambua mboga, nikawasikia mume na mke upande wa pili wa ukuta. Mtu anayemweleza kiziwi siri hana sauti ndogo. Mama Zuhura alianza kwa Kinyaturu, halafu akaona haitoshi, akapaza Kiswahili.

"Baba Zuhura, utawaambia lini?"

"Siku nitakayoshindwa."

"Utashindwa mbele za watu! Ni afadhali useme mwenyewe."

"Nikisema leo, kesho uani hapa utaanika mahindi. Nani ataleta gari kwa fundi asiyesikia? Kwenye kushika bado nashika. Injini naisikia kwa mkono."

"Na mkono ukidanganya?"

Nilisikia akivuta kigoda. Mimi huku majani ya mgagani nimeyashika tu. Nikaelewa kwa nini siku hizi anaegemeza kiganja kwenye boneti kama mtu anayepima homa, na kwa nini anashika bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Watu walidhani ni ujuzi. Ulikuwa ujuzi kweli, lakini ni wa mtu anayezama na kushika majani. Na nikaelewa jambo jingine linalonihusu mimi: uani hapo pakianikwa mahindi, na mimi narudi Ilongero. Sikutaka kurudi. Si kwa ajili ya mji. Kwa ajili ya zile sauti zilizokuwa zinanipitia ukutani nikisonga ugali, ambazo sikuwa nimemwambia mtu kuwa nazielewa.

Siku chache baadaye ikaja landrova ya Mzee Selemani Hango, mfanyabiashara wa chumvi. Inamisi. Fundi akalegeza nati ya kwanza, akaweka bisibisi yake sikioni, akakaza. Ya pili, vilevile. Ya tatu, akakaza, akaenda ya nne. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani za chakula, nikatikisa kichwa. Sikukusudia, kichwa kilitikisika chenyewe. Yeye alikuwa mtu wa kutazama kila kitu, kwa kuwa macho ndiyo yaliyobaki, akaniona. Akarudi kwenye nati ya tatu, akailegeza tena akinitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Wakaifungua nozeli ya tatu, na ilikuwa imekufa kabisa. Mzee Selemani akaondoka anamsifu Fundi njia nzima.

Alipokwenda, Fundi akaja jikoni, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akakaa juu ya gunia la mkaa.

"Umejuaje?"

Nikaona nisimfiche, nikamsogelea ausome mdomo wangu. "Fundi, kwetu kukiwa na harusi tunatwanga wanne kwenye kinu kimoja. Mimi, Mariamu Hango, Tabu Irunde na Elizabeti Senge. Michi minne, kila mmoja na nafasi yake. Mmoja akisimama kujifuta jasho, unasikia pengo hata kama umefumba macho. Sasa gari hili lilikuwa linatwanga na pengo tangu lilipoingia. Ulipolegeza ya kwanza, mapengo yakawa mawili. Ya pili, hivyohivyo. Ulipolegeza ya tatu pengo likabaki lilelile. Nikajua uliyemsimamisha ni yule aliyekuwa amesimama."

Alinitazama sana. Halafu akaniuliza kitu ambacho hata leo kinanifurahisha nikikikumbuka. Hakuniuliza nani kakuambia siri yangu. Aliuliza, "Na huyo Tabu Irunde, alikuwa anachoka mara nyingi?" Nikasema, "Tabu ndiye wa kwanza siku zote." Akacheka, safari hii hakungoja meno ya mtu.

Tukapatana. Gari likija, mimi natoka na ungo wangu, nakaa kizingitini napepeta uwele. Mwanamke anayepepeta hakuna anayemwuliza anafanya nini. Fundi analegeza nati. Sauti ikipungua, mimi naendelea kupepeta. Ikibaki vilevile, nasimamisha ungo. Hivyo tu. Madereva wamezunguka boneti, wananong'ona, "Tazama mzee anavyosikiliza," na mzee macho yako kwenye ungo wangu. Tulizipata nozeli mbovu miezi ile sijui ngapi, na hata moja haikutupita. Uwele ule niliupepeta mpaka ukawa safi kuliko mchele wa harusi. Issa akaanza kushangaa. "Feli, uwele huo hauishi? Kila gari likija na wewe unapepeta. Unawapepetea madereva?" Nikamwambia, "Nakupepetea wewe, mawe yakivunja jino lako utaacha kusema, na sisi tutakosa redio." Fundi akaona midomo yetu, akainama chini ya gari asije akacheka.

Na alinilipa kwa kunifundisha. Hakuwa na deni la kufanya hivyo, alitaka. Alikuwa na kifaa cha kujaribia nozeli, cha kupampu kwa mkono, kimekazwa kwenye meza ya mninga kwa skrubu. Unafunga nozeli, unabonyeza mpini, unatazama inavyopuliza. Nzuri inatoa ukungu laini, wa duara, na inalia kidogo kama panzi. Mbovu inatoa uzi, au inadondosha matone na kukojoakojoa. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuuondoa mkono wangu mbele yake, maana dizeli ile ina nguvu ya kupenya ngozi. Aliushika mkono wangu akausogeza kando kama mtu anayemwondoa kuku kwenye nafaka. Kitu cha pili ni kusafisha kwa waya wa shaba, si wa chuma, taratibu, bila hasira. "Ukiwa na hasira, songa ugali kwanza," alisema. Mama Zuhura alikuwa anatuchungulia, anasema, "Haya, sasa mboga inaungua na nozeli inang'aa." Lakini alikuwa anaiendea mboga mwenyewe.

Nikikaa sasa barazani kwangu, bodaboda zinapita, najua ipi ina mnyororo uliolegea, na wajukuu wananicheka. Sijui kama kuna kazi nyingine ambayo ningeipenda vile. Ninachojua ni kuwa mwaka ule niliamka kila asubuhi nikijua nahitajika, na hakuna mtu uani aliyejua isipokuwa watatu. Nilidhani hiyo ndiyo fahari yenyewe. Nilikuwa mdogo.

Basi ikaja landrova ya Mzee Yohana Mkumbo wa Iguguno. Huyu alikuwa mkulima wa alizeti, mwenye sauti na heshima, Mnyiramba mrefu mwenye koti hata jua likiwaka. Alikuja na watu wa kwake wawili na madereva wengine walioambatana naye njiani. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile ya upepo unaoingia mpaka kwenye meno. Gari lilifika linavuta miguu, moshi mweupe, halina nguvu. Mzee Mkumbo akasema ameshalipeleka kwa fundi mwingine, akaambiwa pampu ya dizeli imekufa. "Lakini nikasema sikubali mpaka sikio la Singida liseme." Watu wakaguna kwa kukubali. Fundi akanawa mikono kwa dizeli kidogo, akashika spana. Mimi nikachukua ungo.

Nati ya kwanza: sauti ikapungua. Nikapepeta. Ya pili: ikapungua. Ya tatu, ya nne, nikapepeta mpaka mwisho. Hakuna aliyesimama. Ila hawakuwa wanatwanga sawasawa. Wote wanne walikuwa wamechoka, wananyanyua michi nusu, kama wanawake waliopewa kazi bila uji. Nami sikuwa na namna ya kulisema hilo kwa ungo! Tulipatana kusimama na kuendelea, hatukupatana kingine. Fundi akaona ungo haukusimama hata mara moja. Kwa hesabu yetu maana yake nozeli zote ni nzima, na nozeli zikiwa nzima na gari halina nguvu, kinachobaki ni pampu. Nikamwona anapangusa spana kwa tambara, nikajua amemaliza.

"Mzee Mkumbo," akasema, "ni pampu. Tuifungue iende Dodoma."

Mzee Mkumbo akashika kichwa. Kila mtu alijua pampu ya kwenda Dodoma mwaka ule, hakuna vipuri, ni pampu ya kuagana nayo. Na alizeti yake ilikuwa imelala shambani kwenye magunia. Issa tayari ameingia chini na spana ya pampu. Mimi natafuta macho ya Fundi, na Fundi anatazama mdomo wa Mzee Mkumbo. Nikasimamisha ungo. Hakuona. Nikaupiga kwa kiganja, nikasahau kuwa ninampigia kelele nani. Na hapo upepo ukageuka, ule moshi ukaja mpaka mlangoni kwangu. Nikaunusa. Haukuwa moshi wa dizeli. Ulikuwa unanuka kikaango, kama asubuhi ya mandazi.

Nataka mnielewe nilichokuwa nacho mbele yangu. Nikinyamaza, gari la mtu linafunguliwa pampu nzima, linakaa juu ya mawe mwaka mzima, na siku moja itajulikana kuwa sikio la Singida limekosea. Nikisema, nasema mimi mpishi, mbele ya wazee, kwamba fundi amekosea. Na hawezi kunisikia mpaka nimsogelee usoni, na kila mtu ataona kwa nini. Siri ile aliilinda kwa nguvu zake zote. Nikaweka ungo chini. Nikaenda, nikapiga goti kidogo mbele ya Mzee Mkumbo nikasema shikamoo, maana hata nyumba ikiungua mtu anasalimiwa. Halafu nikamshika Fundi mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamgeuzia uso wangu nikatamka polepole.

"Fundi, si pampu. Wote wanne wanatwanga, lakini wote wamechoka. Na moshi unanuka alizeti."

Injini ilikuwa bado inaugulia.

"Wote wanne?" akaniuliza.

"Wote wanne."

Mzee Mkumbo akavuta koti lake. "Fundi Ramadhani, nimetoka Iguguno na baridi yote hii. Unamuuliza mpishi?"

Niliona Fundi anamtazama mkewe aliyekuwa amesimama na beseni. Mama Zuhura akainua kidevu, kidogo tu. Fundi akaweka spana juu ya boneti.

"Namuuliza sikio langu," akasema kwa sauti kubwa, ile sauti ya wasiojisikia wanaposema. "Mimi sisikii, Mzee Mkumbo. Injini zimeniua masikio. Magari yote mliyoyaleta hapa tangu mavuno, aliyesikia ni huyu binti. Anaitwa Felista Njiku. Mimi nilikuwa nashika spana." Halafu akainama chini ya gari. "Issa! Acha pampu. Toa nozeli, zote."

Issa akatoka chini, uso umejaa vumbi, ananitazama mimi, anautazama ungo, anaurudia uso wangu. Nadhani ndiyo siku pekee niliyomwona amekosa neno.

Nozeli zikatoka moja moja, ncha zake zimegandwa na kitu cha kahawia, kigumu, kinang'aa, kilekile kinachokaa chini ya kikaango usipokisugua. Nikazifunga kwenye kifaa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya wote. Ya kwanza ikakojoa. Ya pili ikadondosha. Nyingine mbili ndugu zao. Fundi akachukua tone kidoleni, akanusa, akampa Mzee Mkumbo naye anuse.

"Dizeli yako unaiweka wapi, mzee?"

"Kwenye mapipa. Kwenye ghala la mama."

"Ghala la mama lina nini?"

Mzee Mkumbo akawageukia watu wake. Mmoja wao, Daudi, dereva wake, akatazama viatu vyake. Ikatoka kidogokidogo. Dizeli ilipoadimika, Daudi alianza kuiongezea mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa pale pale nyumbani. Gari likaenda. Akaongeza tena. Msimu wa joto lilikuwa linakwenda vizuri tu, mpaka baridi ilipoanza.

"Baba, nilisema mafuta si ni mafuta," Daudi akasema. "Na yale yetu ni safi kuliko ya kituoni. Yale ya kituoni huwezi hata kukaangia."

Hapo Issa akapata mdomo wake. "Shikamoo, Mzee Mkumbo, kumbe gari umelipikia! Ungelitilia na kitunguu lingepanda mlima wa Sekenke." Watu walicheka mpaka Mzee Mkumbo mwenyewe akaegemea boneti, koti linatikisika. Kicheko kile kilinisaidia kupumua. Tukamwaga tangi, tukabadilisha chujio, Issa akaenda kuazima dizeli halisi. Nozeli nikazilaza kwenye petroli, nikazisugua kwa waya wa shaba bila hasira. Siku ile mboga aliipika Mama Zuhura. Nilipozijaribu tena jua lilikuwa limeshageuka, zikatoa ukungu, zote nne, na kulia ule mlio wa panzi ambao Fundi hakuusikia. Nikamshika mkono nikauweka juu ya bomba ausikie hivyo. Akafumba macho. Gari lilipowashwa lilitwanga sawasawa, michi minne haina pengo, na Mzee Mkumbo akaondoka akiniambia, "Asante, mama," mimi ambaye asubuhi nilikuwa mpishi.

Lakini wale madereva nao waliondoka, na kila dereva ana mdomo. Kesho yake halikuja gari. Keshokutwa halikuja. Issa akapanga spana zote kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga tena. Mama Zuhura hakusema neno juu ya mahindi, ila nilimwona anautazama ua kwa namna ya mtu anayepima. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, khanga juu ya nozeli zake, mtulivu kuliko sisi wote. Nilimkalia mbele nikamwambia, "Fundi, nimekuharibia." Akasema, "Umenipumzisha. Hujui kazi ya kucheka kwa kuangalia meno ya watu ilivyo ngumu." Sikujua kuwa anajua kuwa najua. Nikalia kidogo, naye akajifanya haoni, na hilo hakulizoea.

Ndipo mchana, tumeshanawa kwa ajili ya kula, likaja lori la Petro Shila, dereva wa njia ya Kiomboi, mtu mgumu, asiye na maneno ya ziada. Akashuka. Akamwendea Fundi pale kigodani, akampa shikamoo akiwa ameinama mpaka sikioni kabisa, kwa sauti ya kupasua jiwe. Nikajua habari imefika Kiomboi. Akaanza kumpigia kelele sikioni shida za gari lake, linavyotetemeka, linavyofuka moshi likipanda. Fundi akamwacha amalize, akampigapiga begani, akanyoosha kidole upande wa jiko. Kwangu. Petro Shila akageuka. Alinitazama, mimi na khanga yangu kiunoni na mwiko mkononi una ugali. Issa akafungua mdomo, nadhani alitaka kunisaidia, akaufunga. Petro akavua kofia, akasogea mpaka kizingitini, akaanza kunieleza mimi, tangu mwanzo, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na fundi.

Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia, "Washa."